Mwalimu, Mchoro Huo Unasema Nini?

Leo twataka kuwasimulia jambo lililotuaibisha darasani. Hatulisimulii kwa kujipamba, bali ili liwafae walimu wenzetu, wazazi, na ninyi wanafunzi mnaoketi benchi moja na mwenzenu asiyeona.

Siku moja, katika darasa la sekondari hapa kwetu Kasongo, tulikuwa tukifundisha kusoma grafu. Tulichora ubaoni mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na ndani yake mistari miwili inayoshuka. Tukasema kwa sauti kubwa: “Angalieni! Huu unashuka hivi, na huu unashuka vile. Pale katikati imeachana. Mmeona?” Darasa zima likaitika: “Tumeona!”

Mmoja hakuitika. Alikuwa kijana aliyeketi benchi la mbele, kibao chake cha kuandikia nukta nundu kikiwa magotini. Alinyosha mkono, akauliza kwa upole: “Mwalimu, mchoro huo unasema nini?” Nasi tukamjibu: “Ngoja kidogo, tutakueleza baadaye.” Kengele ikalia, tukafuta ubao, tukaenda zetu. Hiyo “baadaye” haikufika.

Usiku ndipo tulipowaza. Grafu ile ilihusu ugonjwa wa surua, na surua ndiyo iliyomwondolea kijana huyo macho alipokuwa mtoto mdogo. Darasa zima liliona habari ya ugonjwa wake, ila yeye peke yake hakuiona. Na hakukosa kwa sababu ya upofu wake tu. Alikosa kwa sababu mwalimu wake alisema “huu” na “pale” na “hivi”, maneno ambayo hayana maana yoyote kwa mtu asiyeuona mkono unaoonyesha.

Macho yapoteayo, akili zibakizo

Katika sehemu zetu za Kasongo na Kabambare, upofu una njia nyingi. Surua ni mojawapo. Mtoto aliyekosa vitamini A katika chakula chake akishikwa na surua, kioo cha jicho lake chaweza kukauka, kuingia kidonda na kupasuka. Ndiyo maana waganga humchanja mtoto, na akiugua surua humpa vitamini A siku mbili mfululizo. Ndiyo maana pia mama wa nyumbani asidharau mawese mekundu, mapapai na sombe: ni walinzi wa macho. Njia nyingine ni usubi, ugonjwa uletwao na inzi mdogo mweusi anayezaliana penye maji ya kasi. Tena kuna mtoto wa jicho, na ajali za kazini na mchezoni.

Lakini katika njia hizo zote, kinachopotea ni macho, si akili. Mtoto asiyeona hukumbuka somo alilolisikia mara moja, hukokotoa hesabu kichwani, hujua sauti za wenzake wote. Hata hivyo, akifika penye jiografia, hesabu na elimu ya viumbe, huanza kubaki nyuma. Je, masomo hayo ni magumu kwake kuliko mengine? La. Ni kwa sababu yamejaa michoro, na michoro hakuna amwelezaye.

Twajua kwamba vipofu wana maandishi yao. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, alijidunga jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake alipokuwa na miaka 3. Jicho la pili nalo likaharibika. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikwisha kubuni alfabeti ya nukta sita zinazosomwa kwa ncha ya kidole. Maandishi hayo yalifika Afrika yetu pia: shule ya vipofu ya Thika huko Kenya ilianza mwaka 1946, na ile ya Buigiri karibu na Dodoma mwaka 1950. Kwa nukta hizo kipofu aweza kusoma hadithi, barua, hata hesabu. Lakini mchoro si herufi. Mwanafunzi anayesoma kitabu cha nukta nundu akakuta maneno “tazama mchoro wa hapo juu”, hugusa juu, hagusi kitu.

Na tusiseme kwamba hayo yawahusu walimu wa shule za vipofu tu. Mtoto wa kijijini Kabambare hawezi kwenda Thika. Akisoma, atasoma katika shule iliyo karibu na nyumba ya baba yake, darasani pamoja na watoto wanaoona. Sheria Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya nchi yetu, inayolinda haki za watu wenye ulemavu, yamtambua kuwa mwenye haki kama wengine. Basi haki hiyo itatimizwa na nani, kama si mwalimu mwenye chaki mkononi?

Mwalimu mkuu aliyekuwa kipofu

Huenda mtu akasema: “Kipofu na michoro wapi na wapi? Tumfundishe kuimba na kusuka vikapu.” Mtu huyo na amsikilize Nicholas Saunderson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1682. Alipokuwa na mwaka mmoja hivi, ndui ilimharibu macho yote mawili. Hata hivyo alisoma hesabu kwa bidii, na mwaka 1711 alifanywa profesa wa hesabu katika chuo kikuu cha Cambridge, katika kiti kilekile alichokikalia Isaac Newton kabla yake. Alikifundishia mpaka alipofariki mwaka 1739.

Alichorea nini? Alikuwa na ubao wenye matundu mengi yaliyopangwa sawasawa. Alichomeka pini katika matundu, kisha akazungushia uzi kutoka pini hadi pini. Hivyo alipata pembetatu, pembe nne na maumbo mengine, akayasoma kwa vidole. Ubao, pini, uzi! Kuna kijiji gani kati ya Lualaba na Kabambare ambacho hakina vitu hivyo?

Makosa yetu matatu

Tangu siku ile ya aibu tumejaribu njia nyingi. Twakiri kwamba tulikosa mara tatu kabla ya kupata njia iliyo nyoofu.

Kosa la kwanza mmekwisha lisikia: kunyamaza. Mwalimu huona mchoro, humwonea haya mwanafunzi asiyeona, akaruka ukurasa.

Kosa la pili lilikuwa kuhukumu mahali pake. Kesho yake tulimwita kijana yule, tukamwambia: “Grafu ya jana yaonyesha kwamba chanjo ya surua ni njema. Basi.” Akaandika maneno hayo, akashukuru. Lakini tulikuwa tumempa nini? Wenzake walipewa mchoro, wakafikiri wenyewe. Yeye alipewa jibu lililokwisha kutafunwa, kama mtoto asiye na meno.

Kosa la tatu lilikuwa kummwagia maneno. Tuliposikia kwamba tumekosa kwa uchache, tukakosa kwa wingi. Tulimweleza rangi ya chaki, unene wa mistari, kila nukta na kila tarakimu, kuanzia kushoto mpaka kulia. Baada ya dakika kumi tukamwuliza: “Umeelewa?” Akajibu: “Mwalimu, nimesikia maneno mengi, ila sijui kama mstari unapanda au unashuka.”

Kumbe tulikuwa tumesahau jambo ambalo kila msafiri alijua. Mtu akikuuliza njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, huanzi kumhesabia miti ya barabarani. Kwanza wamwambia: “Utaenda upande wa mashariki, Lualaba ukiuacha mgongoni.” Kisha wamwambia njia ni ndefu namna gani na ina shida wapi. Mwisho kabisa, akitaka, wamtajia kila daraja na kila kijiji. Mambo makubwa hutangulia, madogo hufuata. Ukianza na madogo, mgeni atapotea kabla hajatoka mjini.

Utaratibu wa kueleza grafu

Basi huu ndio utaratibu tunaoufuata sasa. Kila mtu aweza kuufuata, hata mwanafunzi anayemsomea mwenzake nyumbani.

Kwanza, taja ni mchoro wa namna gani: grafu ya nguzo, grafu ya mstari, duara iliyokatwa vipande, jedwali au ramani. Neno hilo moja tu humwandalia msikilizaji mahali pa kuweka yote yatakayofuata.

Pili, soma kichwa cha mchoro kama kilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Tatu, taja mihimili. Ule ulalao chini wapima nini, kutoka ngapi mpaka ngapi? Ule usimamao kushoto wapima nini, kutoka ngapi mpaka ngapi?

Nne, eleza umbo zima kwa sentensi moja au mbili: mstari wapanda, washuka, wasimama, wageuka wapi.

Tano, taja tarakimu zenyewe, kwa utaratibu wa mhimili wa chini. Zikiwa nyingi, mpe kama jedwali aliandike kwa nukta, alisome polepole.

Sita, nyamaza, umwache aulize.

Rangi usizitaje, ila kama swali lenyewe lahusu rangi. Na maneno “hapa”, “pale”, “huu” na “ule” yaache mlangoni pamoja na kofia yako.

Tutoe mfano mdogo wa kubuni. Tuseme jamaa mmoja amechora mavuno yake ya mpunga. Tutasema hivi: “Hii ni grafu ya nguzo. Kichwa chake ni Mavuno ya Mpunga. Mhimili wa chini una miaka minne: wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Mhimili wa kusimama ni idadi ya magunia, kutoka 0 mpaka 10. Nguzo zapanda, zalingana, kisha zashuka. Mwaka wa kwanza magunia 4, wa pili 7, wa tatu 7, wa nne 3.” Maneno hayo husemwa kwa muda usiofika dakika moja, na mwanafunzi asiyeona yuko sawa na mwenzake anayeutazama ubao.

Fimbo ya dawa ni grafu

Lakini je, mtu ambaye hajaona grafu hata moja tangu kuzaliwa, atajua “mhimili” ni nini? Hapo maneno matupu hayatoshi. Ni lazima mkono ufundishwe kwanza, ndipo sikio lielewe.

Sisi tuliikuta grafu ya kwanza kijijini, imetengenezwa tayari. Watu wa vijiji vyenye usubi wanajua vidonge vya Mectizan, ambavyo kampuni iitengenezayo dawa hiyo iliahidi mwaka 1987 kuvitoa bure. Mgawaji wa dawa hana haja ya mizani. Humsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama. Mwenye urefu wa sentimita 90 mpaka 119 hupewa kidonge 1. Wa 120 mpaka 140, vidonge 2. Wa 141 mpaka 158, vidonge 3. Wa 159 na zaidi, vidonge 4. Mtoto asiyefika 90 hapewi.

Tulikata fimbo ya namna hiyo, tukatia pengo kwa kisu mahali pa 90, pa 120, pa 141 na pa 159. Tukamweka kijana wetu mkononi. Akapandisha vidole kutoka chini, pengo baada ya pengo, akihesabu vidonge. Mara akasimama, akarudia, akasema: “Mwalimu, hatua hizi hazilingani. Ya kwanza ni ndefu, ya pili fupi kuliko hiyo, na ya tatu fupi zaidi.” Kweli, ya kwanza ni sentimita 30, ya pili 21, ya tatu 18. Wanafunzi wenye macho, waliopimwa kwa fimbo hiyo miaka mingi, hawakuwa wameliangalia jambo hilo.

Tangu saa ile, tukisema “mhimili wa kusimama”, yeye huiwaza fimbo ya dawa. Tukisema “mhimili wa kulala”, huiwaza fimbo hiyohiyo imelazwa chini.

Michoro ya kugusa

Baada ya fimbo, tulitengeneza michoro ya kugusa. Chukua kipande cha katoni, ukubwa wa viganja viwili vilivyowekwa pamoja, maana mchoro ukizidi hapo vidole hupotea njiani. Mistari ifanye kwa uzi uliobandikwa kwa gundi. Nguzo zifanye kwa vipande vya vijiti. Nukta zifanye kwa punje za mpunga, na mahali pakubwa kwa punje za mahindi. Kama kuna mistari miwili, mmoja uwe wa uzi laini na wa pili wa kamba ya kukwaruza, ili kidole kiitofautishe.

Kidole hakioni kama jicho. Jicho huona yote kwa mara moja, kidole huenda hatua kwa hatua. Kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati ya mstari na mstari, na mapambo yote yaondoe. Mchoro uliojaa mno ugawe uwe miwili.

Waweza pia kutoboa karatasi ngumu kwa mwiba, vinundu vitokeze upande wa pili. Lakini jihadhari! Ukitoboa kwa nyuma, kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia. Mstari ulioupandisha, msomaji ataukuta unashuka. Mwandishi wa nukta nundu hulijua hilo, maana kwa kibao chake huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Nawe chora kinyume, au utoboe juu ya mchoro uliogeuzwa.

Iko michoro ambayo si ya vipimo, kama vile moyo wa mtu katika elimu ya viumbe. Huo haufai kuelezwa kwa kusema “juu kushoto kuna kitu, chini kulia kuna kingine”. Ueleze kama safari. Fuata tone moja la damu: larudi kutoka mwilini, laingia chumba cha juu cha kulia, lashuka chumba cha chini cha kulia, lasukumwa mapafuni, larudi chumba cha juu cha kushoto, lashuka chumba cha chini cha kushoto, latupwa kwa nguvu mwilini mwote. Na mwambie kwamba kulia na kushoto ni za mtu mwenye moyo huo, si za anayetazama kitabu. Mishale ya mchoro ni mwendo, na mwendo husimuliwa vizuri kwa mdomo.

Swali la kijana wetu

Sasa turudi kwenye grafu ya surua. Haikuwa grafu ya kubahatisha. Katika miaka ya 1970, waganga waliotumwa na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa Kasongo pamoja na wauguzi wa kwetu. Waliwafuatilia watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa, tangu umri wa miezi 7 mpaka 35, wakahesabu waliobaki hai. Mwaka 1981 walitangaza matokeo yao katika jarida la The Lancet la London. Ubaoni sisi tulichora tu umbo la matokeo hayo, bila tarakimu zake.

Safari hii tulimweleza kijana wetu kwa utaratibu. “Ni grafu ya mistari miwili. Mhimili wa chini ni umri wa mtoto kwa miezi, kutoka 7 mpaka 35. Mhimili wa kusimama ni watoto wangapi kati ya 100 wangali hai. Mstari wa uzi laini ni wa waliochanjwa, wa kamba ni wa wasiochanjwa. Yote miwili yaanzia mahali pamoja, penye 100. Yote yashuka. Katika umri ambao surua huua sana, wa kamba washuka upesi, wa uzi washuka polepole.” Kisha tukampa katoni mkononi, tukanyamaza.

Akapitisha vidole mara tatu. Akasema: “Mistari hii haiwezi kupanda kamwe, maana aliyekufa harudi.” Tukasema: “Ni kweli, mwanangu.” Akaendelea mpaka mwisho wa katoni, akasimama. “Lakini mwishoni yakaribiana. Kama yakaribiana, basi wakati huo waliochanjwa walikuwa wakifa upesi kuliko wasiochanjwa. Kwa nini, mwalimu?”

Wasomaji wapendwa, tulikaa kimya. Maana swali hilo ndilo lililowashughulisha wataalamu wenyewe. Waganga wa Kasongo waliona kwamba faida ya chanjo ilionekana kupungua watoto walipoendelea kukua. Walifikiri kwamba labda watoto dhaifu waliookolewa na surua walikuja kufa kwa magonjwa mengine. Wataalamu wengine waliwapinga, na uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi nyingine za Afrika, zikiwamo Guinea-Bissau na Senegal, ulionyesha kuwa faida ya chanjo ya surua hudumu, tena ni kubwa. Kwa hiyo mzazi asisite kumpeleka mtoto wake kuchanjwa.

Lakini tazameni! Siku ya kwanza darasa zima liliitika “Tumeona!”, na hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya mwisho wa mistari. Aliyeuliza ni yule aliyeifuata kwa kidole, hatua kwa hatua. Na kama tungalimwachia lile jibu letu la pili, “Chanjo ni njema, basi,” swali lake lisingalizaliwa. Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tungalimnyima la kuuliza.

Siku ya mtihani

Liko jambo moja la kuangalia sana, nalo ni mtihani. Anayemsomea mwanafunzi kipofu swali lenye mchoro yu katikati ya hatari mbili. Akisema machache, amemdhulumu mwanafunzi. Akisema ya kupita kiasi, amemfanyia mtihani.

Kanuni ni hii: mpe kile ambacho jicho lingekiona, usimpe kile ambacho akili ingekitafuta. Swali likiuliza, “Mavuno yalipungua kwa magunia mangapi?”, msomee kwamba mwaka wa tatu ni 7 na wa nne ni 3. Usiseme yalipungua kwa 4. Swali likiuliza ni pembetatu ya namna gani, mtajie urefu wa kila upande, usimtajie jina la pembetatu. Akiomba urudie, rudia kwa maneno yaleyale na kwa sauti ileile, maana sauti inayosita au inayokaza neno huonyesha jibu kama kidole. Na mpe muda zaidi, kwa sababu yeye hubeba mchoro mzima kichwani wakati mwenzake ameuacha juu ya karatasi.

Kazi hii si ya mwalimu peke yake. Ninyi wanafunzi, mwenzenu akiuliza “kuna nini ubaoni?”, msimjibu “kuna mchoro tu”. Mmoja wenu aketi karibu naye, amweleze kwa kufuata ule utaratibu wa mambo sita. Nanyi wazazi, dada yake au ndugu yake akisoma kitabu nyumbani jioni, asome kwa sauti, na afikapo penye picha asiruke.

Sisi wenyewe tumepata faida ambayo hatukuitazamia. Kila jioni, kabla ya kuchora kitu ubaoni kesho yake, huandika kwanza maneno tutakayomwambia kijana yule. Mara nyingine kalamu husimama, nasi twashindwa kuendelea. Hapo hurudi kitabuni, kwa maana twajua kwamba mchoro huo hatujauelewa sisi wenyewe, ingawa miaka mingi tumeuchora na kusema: “Mmeona?”